Kidude cha Mkurugenzi

Mkurugenzi wetu alirudi kutoka kozi ya Japani akiwa na kikohozi na kidude. Kikohozi kilimtoka baada ya wiki chache kwa tangawizi na asali. Kidude hakikumtoka. Kilikuwa kompyuta ndogo ya kiganjani, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, chenye kioo cha kijani kilichofifia na kijiti cha plastiki cha kuandikia. Alikuwa amekinunua huko huko kwenye duka la vitu vilivyokwisha tumika, kwa maana hata Wajapani wenyewe walikuwa wameshakichoka. Hilo hakulisema yeye. Nililiona mwenyewe mgongoni mwa kidude, palipobaki kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe wa kwanza, limekwanguliwa nusu.

Mimi nilikuwa mwandishi muhtasi wake. Ofisi ilikuwa Raskazone, Tanga, katika nyumba ya kizamani yenye kuta nene na madirisha yaliyovimba kwa chumvi, na mradi wetu ulikuwa wa kuhifadhi pwani: kuzuia uvuvi wa baruti, kuotesha mikoko, kuwaelimisha wavuvi. Neno hilo la kuwaelimisha lilikuwa kwenye kila karatasi iliyotoka ofisini mwetu. Nililipiga taipu mara nyingi mno hata vidole vikawa vinaliandika vyenyewe.

Niseme kidogo nilivyofika pale. Taipu nilijifunza miaka ya shida, wakati chuo kilikuwa na mashine lakini utepe wa wino haupatikani. Tulikuwa tunagonga karatasi kavu na mwalimu anasikiliza mlio tu, akiweza kutambua kwa sikio nani amekosea. Karatasi za kaboni tulizitumia mpaka zikawa unaona mwanga ng'ambo. Nyumbani kwetu Nguvumali mama yangu, Mpemba aliyeletwa Tanga na ndoa, alikuwa anaamkia foleni ya sukari na kurudi na maneno. Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa. Milango ikafunguliwa, na kila takataka ya dunia ikapita: mafriji yaliyokufa Ulaya yakaja kuzikwa kwetu, redio zenye vifungo vingi kuliko stesheni, viatu vya mguu mmoja. Watu wakafurahi, na mimi pia nilifurahi, maana nilipata sabuni ya kunukia. Lakini nilijifunza kuutambua mtumba hata ukiwa umefungwa kwenye boksi. Kidude cha Mkurugenzi kilipowekwa mezani kwangu, nilikitambua.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita ingawa tulipishana umri kidogo sana, "kuanzia leo hakuna kitabu cha miadi. Miadi yote itakaa humu. Mimi nitaandika huku, wewe utaandika kwenye kompyuta yako, halafu vitaongea."

"Vitaongea lugha gani, bosi?"

Hakucheka. "Vitasinki," alisema. "Ndivyo inavyosemwa. Huko nilikokuwa hata wauza samaki wanasinki."

Akakichukua kitabu changu cha miadi, kilichokuwa na mwandiko mzuri kuliko wa mtu yeyote katika jengo lile, akakifungia kabatini mwake.

Sasa, vitu hivyo viwili havikuwa na nia yoyote ya kuongea. Wafadhili walikuwa wametuletea kompyuta mpya, na ndani yake mlikuwa na mfumo endeshi mpya kabisa, ule unaokusalimia kwa muziki kila ukiwasha. Kidude kilitengenezwa kwa ajili ya mifumo ya zamani. Waya wake ulikuwa na kichwa kipana chenye meno mengi, na kompyuta yangu haikuwa na tundu la kichwa hicho. Mkurugenzi alijaribu kukisukuma kwenye kila tundu lililokuwapo, hata la spika. Kisha akaagiza mtaalamu kutoka Dar es Salaam.

Mtaalamu alifika na miwani ya jua juu ya kichwa. Aliniambia "Mambo vipi, mama," mimi niliyestahili shikamoo, akaketi kwenye kiti changu bila kuomba. Alikuwa na kiungio cha waya, na kweli kichwa kikapata pa kuingia. Lakini kila alipoingiza diski iliyokuja na kidude, kompyuta iliandika kwamba programu ile haikutengenezewa mfumo huu. Aliitoa, akaipangusa kwenye shati, akairudisha. Akazima na kuwasha. Akazima na kuwasha tena. Baada ya chakula cha mchana, ambacho alikila vizuri, alituita mimi na Mkurugenzi akatutangazia kwa sauti ya daktari anayewaambia ndugu kwamba mgonjwa amefariki.

"Hii kitu haisapotiwi."

"Kinachotakiwa ni nini?" aliuliza Mkurugenzi.

"Kununua mpya."

Huo ndio uliokuwa utaalamu wake wote. Alipanda basi la jioni akarudi zake.

Ningeyaacha yaishie hapo, na miadi ningeendelea kuikumbuka kwa kichwa changu kama nilivyokuwa nafanya. Lakini wiki iliyofuata, katika mkutano wa wafanyakazi, Mkurugenzi alisimama na kidude mkononi akasema, "Tatizo letu hapa si mashine. Tatizo ni kwamba wapo wenzetu waliobaki enzi za taipureta." Hakunitazama. Mhasibu alitazama feni. Dereva alitazama viatu vyake. Mwandishi muhtasi alikuwa mmoja tu katika ofisi ile.

Basi nikasema moyoni: kitasinki, hata kama ni kwa kukipiga makofi.

Jioni baada ya kazi nikawa napita Ngamiani, kwenye intaneti kafe ya dada mmoja aliyekuwa anasuka ukili huku akisubiri wateja. Kurasa zilifunguka polepole, kichwa kwanza, halafu kifua, na mara nyingi umeme ukakatika kabla hujaona miguu. Huko ndani nikakuta mambo ya ajabu. Watu wazima, bila shaka wenye kazi na watoto, kutoka nchi ambazo umeme haukatiki, wanagombana kuhusu kidude kile kile. Mmoja anasema kitupwe. Mwingine anamjibu kwamba anayesema kitupwe hana akili. Wa tatu anaandika ukurasa mzima kueleza jinsi anavyokipenda kuliko mkewe. Niliuliza swali langu kwa Kiingereza cha barua rasmi, wakanijibu haraka: kwa nini usinunue kipya? Nikaona kumbe mtaalamu wetu wa Dar es Salaam alikuwa na ndugu dunia nzima.

Mwishowe akajitokeza mtu mmoja, sikujua ni wa nchi gani, ambaye hakunisimanga. Alikuwa ametengeneza programu ndogo ya kuudanganya mfumo mpya ujione wa zamani, na maelezo ameyaandika kwa ufupi kama mtu anayelipia simu ya upepo kwa kila neno. Nikaipakua kwenye disketi. Disketi ya kwanza ilifika Raskazone imeharibika. Ya pili kompyuta ikaisoma, ikanung'unika, ikakubali. Maelezo yalisema upunguze kasi ya waya, kisha ubonyeze kitufe cha kwenye kitako cha kidude kabla kompyuta haijauliza, na si baada. Nilibonyeza baada, nikabonyeza kabla, nikabonyeza pamoja. Nikakitukana kwa Kipemba, lugha ya matusi ya mama yangu. Na saa ile ile mishale miwili ikaanza kuzunguka kwenye kioo, kidude kikalia kama kifaranga, na miadi niliyoiandika kwenye kompyuta ikatokea upande wa pili.

Nilipiga ukelele. Dereva alikuja mbio na fimbo akidhani nimeona nyoka.

"Vimeongea," nikamwambia.

"Vimesema nini?"

"Kwamba bosi ana miadi na daktari wa meno."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Siwezi kukataa kwamba nilifurahi. Ilikuwa furaha ya kijinga, kama ya mtu aliyefaulu kumlisha mbuzi wa jirani, lakini ilikuwa yangu.

Mkurugenzi alipoona, hakuniuliza nimefanyaje. Aliita mpiga picha. Katika jarida la mradi akatokea ameshika kidude karibu na shavu, na chini yake maneno kwamba ameiunganisha ofisi na teknolojia ya kisasa. Jina la kazi yangu halikuwamo, sembuse mimi.

Lakini nilipokagua miadi ile ya daktari wa meno, nikaona jambo. Nilikuwa nimeiandika saa nne asubuhi. Kwenye kidude ilisomeka saa kumi jioni. Nikatafuta sababu, na haikuwa mbali. Kidude kilikuwa na orodha ya miji, uchague mwenye nacho yuko wapi, na kilikuwa bado kinaamini kiko Tokyo. Mkurugenzi alipofika nyumbani alisogeza saa yake kwa mkono tu ili isomeke kama ya Tanga, mji hakuugusa. Kompyuta yangu ilijua iko Afrika Mashariki. Kidude kilijiona Japani, ambako jua hututangulia kwa saa sita. Kwa hiyo kila vilipoongea, kidude kiliisogeza miadi yangu saa sita mbele, kwa adabu zote, kikidhani kinasaidia.

Nikamwendea ofisini kwake.

"Bosi, kidude chako bado kiko Tokyo. Miadi inaruka saa sita. Ubadilishe mji."

Alifungua orodha akaitazama. Afrika nzima ilikuwa na miji miwili tu humo, Kairo na Johannesburg.

"Chagua Kairo," nikamwambia, "ndiyo iliyo jirani na saa yetu."

"Kairo? Mimi nafanya kazi Misri?"

"Na Tokyo unafanya?"

Alikiweka mfukoni. "Mama, wewe umekosea kuandika, basi. Mashine hii imeanza kazi kabla hatujaletewa hizo kompyuta. Usiiguse tena." Miadi ya meno akaisahihisha kwa kijiti, na mengine yakabaki yalivyo.

Katika hayo mengine mlikuwa na mkutano wa Tongoni.

Tongoni ni kijiji cha kusini mwa mji, chenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale ambayo wageni huja kuyapiga picha. Sisi tulikwenda kwa ajili ya bahari. Mradi ulitaka wanakijiji wakubali kufunga mwamba mmoja usivuliwe kwa msimu, na mwamba wenyewe ulikwisha chaguliwa kwenye ramani iliyochorwa Dar es Salaam. Mkutano ulikuwa saa tatu asubuhi. Barua ya mwaliko niliipiga mimi.

Asubuhi ile nikafika ofisini nikamkuta dereva anaosha gari taratibu kama mtu mwenye siku nzima.

"Hamjaondoka?"

"Bosi kaniambia nimpitie nyumbani saa nane mchana."

Nikapiga simu nyumbani kwake. Alipokea akiwa anatafuna.

"Bosi, watu wa Tongoni wanakungoja saa tatu."

"Nimeshaangalia. Ni saa tisa alasiri."

"Barua niliandika mimi. Saa tatu asubuhi. Ni kile kidude, nilikwambia kinaruka."

"Mama, hatutarudi kwenye vitabu vya miadi. Mashine haikosei." Akakata simu.

Nilisimama na mkonga wa simu mkononi. Ningeweza kukaa, nikapika chai, nikamwacha ayapate. Lakini nilijua Tongoni watu wameacha kazi, na kwamba watakaolaumiwa baadaye ni wao, kwamba hawana mwamko. Nikamwambia dereva, "Washa gari. Tunakwenda sisi."

Tuliwakuta kwenye baraza ya madrasa, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, na nyuma ya nyumba sufuria za wali wa nazi zinafuka. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, alinipokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Yu wapi mwenyewe?"

"Atakuja alasiri."

"Alasiri tutakuwa baharini. Maji ni bamvua leo, hujaa na kupwa sana." Aliwatazama wenzake, kisha akanitazama mimi. "Hayo makaratasi yenu, unayajua yalivyosema?"

"Nimeyapiga taipu."

"Basi tusomee."

Nikawasomea. Nilipofika kwenye kuwaelimisha wavuvi, nililiruka, maana nilikuwa nimewakalia uso kwa uso na ulimi uligoma. Nilipomaliza, hawakunishukuru wala hawakunipigia makofi. Waligombana. Wanaume walisema mwamba wa nje, ule wa kwenye ramani, usifungwe, ufungwe wa karibu, ule ambao wanawake huchokolea pweza maji yakipwa. Bibi mmoja mvuvi wa pweza, mikono imejaa makovu, akainuka na fimbo yake ya kuchokolea.

"Mwatufungia sisi ili nyie mpite na nyavu zenu za vyandarua? Mwavua hata vitoto vya dagaa! Fungeni mwamba wetu, lakini na hizo nyavu zichomwe, mbele ya macho yangu."

Kukawa na kelele. Mzee mmoja alimwita bibi yule mkorofi, naye akamkumbusha jambo la ujana wake ambalo baraza nzima ililicheka. Nilikuwa nimehudhuria mikutano mingi ya Mkurugenzi vijijini, na sikuwahi kuona watu wakisema hivyo. Mbele yake walikuwa wanaitikia tu, wanapokea soda, wanaondoka. Nilitoa penseli nikaandika kwa hatimkato, kazi niliyosomea, bila kukosa neno. Kufika adhuhuri walikuwa wamekubaliana kwa shingo upande: mwamba wa karibu utafungwa, na nyavu za matundu madogo zitakusanywa na kuchomwa. Ramani ya Dar es Salaam haikutajwa tena. Tukasali, tukala wali kwa nguru, wakaenda zao.

Mkurugenzi alifika alasiri kwa teksi ya kukodi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Barazani tulikuwa tumebaki mimi, dereva na mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umechelewa hivi?"

"Sikuchelewa. Mkutano ni saa tisa." Akatoa kidude, akamwonyesha. Mzee alikishika mbali na macho kama anayesoma jina la chombo kilicho kilindini.

"Si hii hapa, tatu? Imeandikwa tatu."

"Hiyo ni saa tisa, mzee. Ni tatu ya Kizungu."

"Kwani mkutano ulikuwa wa Wazungu?"

Dereva alitoka kwenda kukagua tairi. Mimi nilitazama magofu. Kidude kilikuwa kimezunguka mpaka Tokyo kikarudi na tarakimu ile ile ambayo mtu yeyote wa pwani angeisoma saa tatu na kuwahi. Lakini Mkurugenzi alikuwa amesoma sana.

Njiani kurudi alikaa mbele akijipangusa vumbi mpaka tulipouona mji.

"Umenihujumu," alisema.

"Nilikupigia simu, bosi."

"Umeongoza mkutano bila idhini."

"Sikuongoza. Niliandika. Muhtasari utaukuta mezani kesho."

Nilijiandaa kufukuzwa. Nilimwambia hata mama yangu, naye akaanza kuulizia mashine ya kushonea. Lakini baada ya muda wafadhili walikuja kukagua, na mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye kofia ya ukili, aliusoma muhtasari wangu akauliza kwa mshangao ilikuwaje wanakijiji wakakata shauri wenyewe, wanawake kwa wanaume. Nilikuwa namimina chai. Nilimwona Mkurugenzi akirekebisha tai.

"Ni mbinu yangu," alisema. "Nilijitoa makusudi, ili jamii izungumze kwa uhuru."

Yule mama alipiga makofi, kweli, mikono yote miwili. Akaandika. Na mbinu ile ikapewa jina refu la Kiingereza, ikawekwa kwenye ripoti, ikasafirishwa mikoa mingine, na mwenyewe akasafiri nayo kutoa semina. Nilizipiga taipu semina zote. Hazikuwa na neno hata moja kuhusu Tokyo. Hatimaye akahamishiwa wizarani, na siku ya kumuaga alituhutubia kwa kirefu juu ya umuhimu wa kutunza wakati.

Mradi nao ukaisha, kama miradi inavyoisha, na nyumba ya Raskazone ikawa ofisi ya watu wengine. Mimi nikafungua chumba cha uchapaji Ngamiani. Siku moja bibi wa pweza aliingia na mjukuu wake aliyetaka kuchapiwa barua ya kazi, akanitambua kabla sijamtambua. Nikamwuliza habari za mwamba. Akasema wanaufunga na kuufungua, na kila mwaka wanagombana upya. Nyavu zilichomwa, na wengine wakanunua nyingine, nazo zikachomwa.

"Na wale wa mradi, huja?"

"Alikuja mmoja na kalamu, akatuuliza nani alotufundisha."

"Mkamjibu nini?"

Alivuta upande wa kanga, akafuta jasho shingoni. "Tulimwambia angoje, twaenda baharini, tukirudi twamwambia. Alipoona jua limekuwa kali akenda zake."